Kliniki ya akili hapa Kisumu, nyota tatu na nusu

Nimempeleka brathe mara nne tangu asikie zile sauti, akatoa hadi betri ya saa ukutani ati inamrekodi. Daktari mwenyewe yuko sawa, haharakishi mtu. Hakumfokea juu ya bangi, alimuuliza tu anavuta lini na inamsaidia nini, brathe akasema usingizi, basi wakaanzia hapo. Akatueleza wanaoendelea kuvuta baada ya saikosisi, yaani ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini vitu havipo, hurudi kwa wodi mara nyingi kuliko wanaoacha, hata kama wanameza dawa, na bangi yenye THC kali, ile kemikali inayolewesha, ndiyo mbaya zaidi. Kitu sikuwa najua ni eti moshi wenyewe, hata wa sigara, hufanya ini limalize olanzapini, dawa ya saikosisi, haraka, so ukiacha kuvuta ghafla lazima umwambie daktari aangalie dozi. Mathe alikuwa anadhani brathe amerogwa, siku hiyo alinyamaza njia yote mpaka Kondele.

Sasa ubaya, foleni ni masaa matatu, benchi ni mbili, na famasi yao iliisha dawa tukatumwa nje tukanunue bei ya kuumiza. Risepsheni pia wanaita jina la mgonjwa na ugonjwa kwa sauti, hiyo wakome. Wiki ya tisa bila kuvuta, analala. Tunarudi Jumanne.