Dolly Parton au Willie Nelson: mtunzi wa kantri afuate njia ya nani?

Ukikaa na wapenzi wa muziki wa kantri Nairobi, ubishi huu kuhusu waimbaji-watunzi hawa wawili wa Marekani hauishi.

Tuanze na hakimiliki, maana hapo ndipo penye pesa. Dolly alifika Nashville, kitovu cha kantri Marekani, mwaka 1964, siku moja tu baada ya kumaliza sekondari. Mwaka 1974 akatoa wimbo "I Will Always Love You". Elvis Presley akautaka, lakini meneja wake akadai nusu ya haki za utunzi. Dolly alilia, akakataa. Whitney Houston alipouimba mwaka 1992, fedha za mtunzi zikamiminika kwa Dolly mwenyewe. Willie, mfuko ukiwa mtupu, aliuza wimbo wake "Family Bible" kwa dola 50. Usimcheke kama hujawahi kugongewa mlango na mwenye nyumba.

Kwenye uhuru wa sauti, kwangu Willie anaongoza. Aliipa Nashville kisogo, akarudi Texas, na mwaka 1975 "Red Headed Stranger", albamu yenye vyombo vichache mno, ikamtoa. Gitaa lake, Trigger, limetoboka kwa kucharazwa miaka nenda rudi, na bado analipiga.

Kutunza mali? Dolly, bila ubishi: ana Dollywood, bustani ya burudani, tangu 1986. Willie mwaka 1990 alikamatiwa mali kwa deni la kodi ya serikali.

Kama una kazi nyingine inayokulisha, ng'ang'ania haki zako kama Dolly. Kama watoto hawajala leo, uza wimbo mmoja, ubaki na daftari.