Kibebeo cha Paka: Kipi Ununue, Kipi Ukiache Dukani

Paka wangu aliwahi kutoroka kupitia zipu. Begi lilikuwa la kitambaa laini, nami nililipenda kwa rangi yake. Tulishashuka garini, zikabaki hatua chache tu kufika mlangoni kwa daktari wa wanyama. Akaingiza ukucha kwenye upenyo mdogo mwisho wa zipu, akasukuma kwa pua, kichwa kikapita. Na paka kichwa kikishapita, mwili haubaki nyuma. Ilinichukua saa tatu kumpata, kajibanza chini ya gari la watu, anatetemeka. Tangu siku ile kibebeo nakikagua kwa vidole kwanza, macho baadaye.

Huu ndio mpangilio wangu, kuanzia ninachokiamini zaidi.

1. Boksi la plastiki ngumu, linalofunguka juu na mbele, na linalotengana katikati. Kama utanunua kimoja tu, nunua hiki. Paka wengi hawaogopi boksi lenyewe kama wanavyoogopa kuvutwa. Akigoma kutoka, watu humkamata miguu au huliinamisha boksi ili aporomoke, na siku hiyo hiyo anajifunza kwamba humo ndani hakuna usalama. Boksi linalotengana linamaliza ugomvi huo: daktari anaondoa nusu ya juu, paka anabaki kwenye nusu ya chini, juu ya kitambaa chake mwenyewe, na anapimwa hapo hapo. Naye asiyependa kuingia kwa mlango wa mbele unamshusha taratibu kwa juu.

Kabla ya kulipa, bonyeza mlango kwa kidole gumba. Ukipinda au ukichomoka kwenye bawaba, rudisha. Vifungo vya pembeni vifunge kwa mlio mkavu. Vile vinavyofunguka ukivigusa kidogo havifai. Kisha tia ndani kitu chenye uzito wa paka wako, tuseme kilo 4 au 5, uinue kwa mpini na utikise. Mpini unaolialia utakuangusha kwenye ngazi. Kuhusu ukubwa, paka aweze kusimama, kujigeuza na kujilaza, basi. Boksi kubwa kupita kiasi linamfanya ayumbe kila gari likikata kona. Ukinunua mtandaoni, soma vipimo vya ndani, si vya nje, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

2. Begi laini lenye zipu za kufunga kwa klipu. Pamoja na yaliyonipata, nimeliweka la pili, kwa sababu kwenye ndege ndilo linaloweza kujibana chini ya kiti. Kila shirika la ndege lina vipimo vyake, kwa hiyo uliza kwanza, nunua baadaye. Tafuta sakafu ngumu, wavu usiochanika kwa kucha, na klipu inayoshika kichwa cha zipu. Bila klipu hiyo, usilichukue. Paka akisafirishwa sehemu ya mizigo, begi laini halifai kabisa: kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, zinataka kasha gumu.

3. Kizimba cha waya kinachofunguka juu. Hewa inapita, kusafisha ni rahisi, na kumtoa paka hakuna shida. Tatizo ni kwamba anaona kila kitu na kila kitu kinamwona. Ukikifunika kwa taulo, kinafaa sana kwa safari fupi.

4. Begi la mgongoni lenye dirisha la duara. Linavutia kwenye picha. Ndani joto hupanda haraka, na paka hukaa mbele ya macho ya watu bila pa kujificha. Nimewaona wachache wanaolifurahia, wengi hapana.

Kikapu cha fito nakiweka mwisho, kwa kuwa kucha hung'ang'ania humo, na mkojo ukiingia kwenye fito harufu haitoki tena. Katoni ni ya dharura tu. Ikilowa chini, inaachia.

Kwenye gari kuna jambo moja ambalo wengi hulikosea. Kuzungusha mkanda wa kiti kwenye boksi la kawaida kunaweza kulibonyeza likapasuka gari likigonga. Center for Pet Safety, shirika la Marekani linalopima vibebeo kwa majaribio ya ajali, linashauri kibebeo ambacho hakikupimwa hivyo kiwekwe sakafuni, nyuma ya kiti cha mbele. Mimi hufanya hivyo.

Sasa hofu yenyewe. Kibebeo kinachotoka stoo siku ya safari tu, paka anakijua kwa sauti. Kiache sebuleni wiki kadhaa kabla, mlango umeondolewa, na kitambaa anacholalia kiwe ndani. Mwekee chakula kwanza karibu nacho, halafu mlangoni, halafu ndani kabisa. Akishazoea, rudisha mlango: funga sekunde chache, kisha dakika. Inua, tua. Mpeleke garini bila kuwasha injini. Watafiti wa Vienna walipofundisha paka hivi, hatua kwa hatua, waliona mwaka 2018 kwamba waliofundishwa walipungukiwa na hofu njiani kuliko wasiofundishwa.

Siku yenyewe, usimlishe saa tatu au nne kabla, asitapike. Dawa ya kupulizia ya feromoni, yaani harufu ya kumtuliza paka, ipulizwe kwenye kitambaa dakika 15 kabla hajaingia, ili spiriti yake iyeyuke. Funika kwa taulo, ukiacha upande wa hewa. Boksi libebe kwa kulikumbatia kwa chini; ukilining'iniza kwa mpini, litamgonga kila hatua. Paka wawili, vibebeo viwili, hata kama nyumbani hulala pamoja.

Kwa paka anayeteseka sana kwa hofu, muulize daktari kuhusu dawa za kutuliza: gabapentini, au pregabalini ya paka iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa ajili ya hofu ya safari na ya kwenda kwa daktari. Tafadhali usimpe dawa yoyote ya binadamu kwa kukisia: paracetamoli inaua paka. Na akianza kuhema mdomo wazi, simama, mpatie hewa na ubaridi, mpigie daktari.

Boksi la paka wangu sasa liko pembeni ya dirisha, halina mlango, na mchana hulala humo mkia ukining'inia nje. Tukiwa na safari, narudisha mlango jioni ya siku iliyotangulia, kisha napitisha kidole kwenye kila kifungo.