Tahadhari: Dalali hewa anayewauzia Waswahili wa Uingereza bima ya dereva anayejifunza

Ndugu zangu mnaoishi Uingereza, hasa wazazi wenye vijana wa miaka 17 na 18 walioanza kujifunza udereva, ninawatahadharisha kuhusu mtu anayejitambulisha kuwa wakala wa bima, ambaye namba yake inapitishwa katika makundi yetu ya WhatsApp, yale yale tunayochangishana misiba na harusi.

Mimi alinipata mwezi Machi. Nilikuwa nimemnunulia kijana wangu gari dogo lililokwishatumika ili afanye mazoezi nje ya masomo ya mwalimu, na kampuni ya kwanza niliyoiuliza ikanitajia pauni 1,940 kwa mwaka. Bwana huyu alinipigia simu akaniamkia, "Shikamoo, mama," akaniuliza kwetu ni wapi, akasema watu wake wako Tanga, kisha akataka pauni 350 tu, zitumwe kwenye akaunti ya benki yenye jina la mtu binafsi. Akaunti ile peke yake ilitosha kunishtua, lakini ile shikamoo ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake.

Baada ya saa mbili nililetewa cheti cha bima chenye nembo ya kampuni inayofahamika, namba ya gari na jina la mwanangu. Wiki ya tatu, kijana akiwa kwenye usukani, mjomba wake ameketi kando na vibao vya L vimebandikwa mbele na nyuma, walisimamishwa na polisi ambao kamera yao ilikuwa imesoma namba ya gari na kuonyesha kwamba halina bima. Mjomba ana zaidi ya miaka 21 na leseni kamili kwa zaidi ya miaka 3, kama sheria inavyomtaka msimamizi wa mwanafunzi awe. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa hicho kimoja. Gari lilivutwa pale pale, nao wakarudi nyumbani kwa basi.

Nilipoipigia kampuni iliyotajwa kwenye cheti ndipo nilipoelewa mchezo wenyewe. Bima ilikuwa imenunuliwa kweli kwa namba ya gari letu, ila dereva aliyeandikishwa alikuwa mtu aliyezaliwa mwaka 1978, mwenye leseni kamili na anuani ya mji ambao sijawahi kuukanyaga, jambo lililoshusha bei. Siku ya 11 mnunuzi aliighairi, akiitumia haki ya kughairi ndani ya siku 14 ambayo mteja wa bima ya mwaka huwa nayo, na fedha zikarudi kwenye kadi yake mwenyewe. Nilichotumiwa mimi kilikuwa cheti halisi kilichohaririwa: ukikikuza kwenye kompyuta unaona herufi za jina la mwanangu ni nyembamba kidogo kuliko nyingine za mstari huo huo. Tapeli wa namna hii ndiye ninayemwita dalali hewa, kama tunavyosema wafanyakazi hewa.

Mtego wake mkubwa ni jibu moja ambalo lina chembe ya ukweli. Mapema kabisa nilitafuta gari letu katika tovuti ya Motor Insurers' Bureau, taasisi ya kampuni za bima za magari, ambako mwenye gari anaweza kuangalia bure kama gari lake limo kwenye kanzidata ya bima, nikalikosa, na yeye akanijibu, "Bado haijaingia kwenye mfumo, mama, subiri." Ni kweli kwamba bima mpya, hasa ya muda mfupi, huweza kuchelewa kuonekana huko. Siku iliyofuata gari lilionekana, nikatulia. Sikujua kwamba baada ya kughairiwa lingeondolewa tena. Kwa hiyo kanzidata pekee haitoshi. Tafuteni wenyewe namba ya simu ya kampuni, si ile iliyoandikwa kwenye cheti, muwasomee namba ya bima na kuwauliza ni nani aliyeandikishwa kuwa dereva na ana leseni ya aina gani. Wakala naye huangaliwa katika rejista ya Financial Conduct Authority, mamlaka inayosimamia huduma za fedha Uingereza, nayo ni bure.

Kudanganywa hakufuti kosa. Adhabu ya kawaida ya kuendesha bila bima ni pauni 300 na alama 6 za adhabu kwenye leseni, na aliyemruhusu dereva kutumia gari anaweza kushtakiwa pia, yaani mimi. Dereva mpya anayefikisha alama 6 ndani ya miaka 2 baada ya kufaulu mtihani hufutiwa leseni, na alama alizopata akiwa mwanafunzi zinahesabiwa. Gari nalo halitolewi bila bima inayokubali magari yaliyokamatwa, na bima nyingi za muda mfupi hazikubali.

Unafuu halali upo. Kijana akijifunzia kwenye gari la mzazi ambalo tayari lina bima, ananunuliwa bima ya mwanafunzi ya saa, siku au wiki, na kwa kawaida ajali yake haigusi punguzo la mzazi la kutodai fidia. Someni masharti, kwa kuwa baadhi ya kampuni hutaka msimamizi awe na miaka 25, na nyingi ya bima hizi hukoma dakika ile kijana anapofaulu, hivyo asiendeshe kurudi nyumbani kutoka kwenye mtihani. Msidanganye pia kwamba mzazi ndiye dereva mkuu ilhali ni mtoto. Huo nao ni ulaghai.

Ujumbe wote na namba ya akaunti nimevikabidhi polisi na kuripoti kwa Insurance Fraud Bureau, taasisi inayopambana na ulaghai wa bima, kupitia simu yao ya Cheatline. Bwana yule amebadilisha namba, na wiki iliyopita tangazo lenye maneno yale yale lilipita katika kundi la akina mama wa Coventry. Kama ulinunua kwake, usiliwashe gari kabla hujazungumza na kampuni ya bima.