Tezi dume: kukwanguliwa au kupasuliwa?

Wazee wa Mwanjelwa, Mbeya, hubishana sana juu ya njia ipi inafaa tezi dume ikikua na kubana mkojo, na wengi huuliza bei kabla ya kuuliza ukubwa wa tezi. Anza na ultrasaundi. Tezi ikizidi mililita 80, madaktari wengi huegemea kupasua chini ya kitovu. Ikiwa ndogo zaidi, hupitisha kifaa chenye kamera kwenye njia ya mkojo na kuikwangua bila kukata ngozi.

Kwa kupona, kukwangua kunashinda waziwazi. Damu hupotea kidogo, na mpira wa mkojo hukaa siku 1 hadi 3 hivi, wakati aliyepasuliwa hukaa nao kama wiki. Mkulima wa viazi wa Umalila atalipenda hilo, ingawa gunia hatabeba kwa wiki kadhaa. Ila tezi iliyobaki huweza kukua tena. Kupasua hutoa nyama nyingi zaidi, marudio yakawa machache.

Gharama? Kamera inataka kifaa na mtaalamu, na si kila hospitali ya wilaya inavyo, kwa hiyo jumlisha nauli na malazi ya anayekuuguza. Shahawa kurudi kibofuni hutokea kwa njia zote mbili. Anayetaka bado mtoto amwambie daktari mapema.