Darubini ya milimita 130: nimeitumia miezi mitano hapa Mwanza

Kwanza, boksi msiliamini. Limeandikwa "mara 500", na pembeni wamebandika picha ya galaksi ya zambarau. Kioo chenye upana wa milimita 130 ukikilazimisha kupita mara 260 hivi, unakuza ukungu tu. Mimi natumia lenzi ya jicho ya milimita 25, inayokuza mara 26, na ile ya 10, mara 65. Basi.

Niliinunua laki saba na nusu. Muuzaji akaniapia kwamba nitaona rangi. Wapi!

Mwishoni mwa Februari niliibeba hadi Kayenze, usiku wa giza. Giza ndilo wavuvi wa dagaa nao wanalingoja, kwa hiyo ziwa lilijaa taa. Nikalipa mgongo. Kufikia saa saba usiku kundinyota la Simba lilikuwa karibu na utosi, nikaanza kuisaka galaksi ya M105, kama nusu ya njia kutoka nyota ya Regulus kwenda nyota ya Denebola. Ilinichukua dakika arobaini, maana kile kidoti chekundu cha kulengea kimelegea, ukikigusa kinahama.

Halafu ikaingia: doa la mviringo, katikati pamekolea, kingo zinayeyuka. Pembeni yake doa jingine hafifu zaidi, galaksi ya NGC 3384. M105 ni galaksi duaradufu, haina mikono iliyojipinda, gesi ya kuzaa nyota mpya ni kidogo mno, na nyota zake nyingi ni vikongwe. Kwa hiyo usitegemee michoro. Mfaransa Pierre Méchain aliigundua mwaka 1781, na mwanga wake unasafiri zaidi ya miaka milioni 30 kutufikia. Galaksi za M95 na M96, zilizo kundi moja dogo na M105, nilizipata kwa kusogeza bomba kidogo tu.

Kijana aliyekuwa akilinda vichanja vya dagaa akaja. "Mjomba, unavua nini huko juu?" Akainama, pumzi yake ikatia mvuke kwenye lenzi, nikafuta. "Mbona kama karabai kwenye ukungu?" Nikamwambia asilikodolee, atazame pembeni kidogo. Akakaa kimya.

"Kumbe ziko mbili."

Kero kubwa ni miguu: upepo wa ziwani ukipuliza, kila kitu kinacheza. Nimetundika ndoo ya mchanga katikati, imetulia. Kitambaa cha umande usisahau.

Naipa nyota nne. Ya tano nimelikata boksi.