Sauti za sinthesaiza za miaka ya 80: ununue nini leo

Kabla hujatoa hela, vaa hedifoni uusikilize vizuri wimbo unaoutaka, ujue sauti yake ni ya jamii gani. Jamii kubwa ni mbili. Moja ni ile ya FM, inayong'aa na kulia kama kengele: piano ya umeme ya nyimbo za mapenzi za taratibu, na besi kavu inayodunda. Hiyo ni Yamaha DX7 ya mwaka 1983, iliyojengwa juu ya FM (frequency modulation), mbinu ya John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambayo wimbi moja hulitikisa jingine kwa kasi hadi izaliwe sauti mpya. Ya pili ni analogi, inayozalisha sauti kwa saketi za umeme, nene na pana: Roland Jupiter-8, Juno-60, au Oberheim OB-Xa unayoisikia kwenye "Jump" ya Van Halen. Chombo cha jamii moja hakitakupa sauti ya jamii nyingine, kiwe ghali namna gani.

Namba moja naipa programu ya Dexed, bila kusita. Ni ya bure, ina opereta 6 (mawimbi yanayotikisana) na algoridhimu 32 (namna za kuyaunganisha) sawasawa na DX7, na inafungua mafaili ya sauti za DX7 zenyewe. Unahitaji laptopu na kinanda chenye MIDI tu, yaani kinachoweza kuiambia kompyuta noti unazobonyeza. Hata kile cha kwaya kinafaa kama kina tundu la USB la kuunganisha kompyuta, si la flashi tu. Noti zikichelewa kutoka, shusha bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuitoa) hadi sampuli 128, na kwenye Windows tumia draiva ya ASIO, inayopunguza ucheleweshaji huo. Anayetaka analogi aongeze TAL-U-NO-LX ya kulipia, inayoiga Juno-60 pamoja na korasi yake (chorus, athari inayofanya sauti moja isikike kama nyingi). Usiizime korasi hiyo! Juno ilikuwa na osileta (kizalisha wimbi) moja tu kwa kila noti, na upana wote ule tunaoupenda ulitoka hapo.

Namba mbili ni Roland JU-06A, kwa mpigaji wa jukwaani asiyetaka kubeba laptopu. Inabadilika kutoka Juno-60 kwenda Juno-106, na vidhibiti vyake viko wazi mbele yako, kwa hiyo unajifunza kutengeneza sauti kwa mkono. Ubaya wake ni kwamba inatoa noti 4 tu kwa pamoja, na kibodi hununuliwa kando.

Ya tatu, Yamaha Reface DX: noti 8, spika ndani yake, inatumia hata betri. Ina opereta 4, hivyo sauti za DX7 haziingii moja kwa moja, na vitufe vyake 37 ni vidogo kwa mkono wa mtu mzima.

Bajeti ikibana, Korg Volca FM2. Inasoma sauti za DX7 na kutoa noti 6. Toleo la kwanza lilitoa 3, liache.

Mitumba halisi, yaani vyombo vyenyewe vya miaka ile, naiweka mwisho, ingawa naipenda kuliko yote. DX7 hutunza kumbukumbu kwa betri ya ndani iliyochomelewa. Juno-106 ina chipu za sauti zinazojulikana kwa kufa. Usinunue kama huna fundi wa kuaminika, na ukiikuta Juno-106 dukani shikilia noti 6 kwa pamoja: ikikosekana moja au ikikwaruza, omba bei ipunguzwe kwa gharama ya chipu mpya, la sivyo ondoka.