Gari Nimelipenda, Yadi Sina Hakika

Miezi michache iliyopita nilikwenda na mke wangu kwenye yadi moja ya magari upande wa Shimanzi, tukitafuta gari dogo jipya la familia. Nasema jipya kwa maana yetu ya hapa Mombasa, yaani limeshuka melini kutoka Japani na halijawahi kumilikiwa na Mkenya. Habari za injini na matairi sitaziandika, kwani hizo kila mtu anaweza kujisomea. Ninalotaka kulieleza ni la kikokotoo.

Kijana wa mauzo alitukaribisha vizuri, akatuletea maji baridi, akamwita mke wangu mama na mimi mzee, na heshima ilidumu mpaka nilipouliza bei ya mwisho. Hapo alinyamaza, akavuta kikokotoo chake, akabonyeza na kunisukumia mezani. Kilisoma 1,350,000, bei ileile iliyobandikwa kwenye kioo cha gari pamoja na maneno "maelewano yapo". Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo nimeshaiona, nipunguzie." Akanionyesha vitufe kwa kidole. Nikabonyeza 1,150,000. Akacheka kwa puani, akafuta, akaandika 1,340,000. Tuliendelea hivyo kwa muda unaotosha kuivisha biriani, watu wazima wawili wenye Kiswahili chetu, tukijibizana kama mabubu. Mimi ni mtu wa Likoni, ng'ambo ya feri. Kwetu samaki, leso na hata mahari hupatanwa kwa mdomo, kwa mzaha na viapo, na muuzaji anayekunyima maneno amekwisha kukudharau.

Nilipomuuliza mbona hashuki, ndipo alipofungua kinywa na kusema kwamba ushuru umepanda. Gari lenyewe lilikuwa tayari na namba za usajili, na namba hizo hazitolewi mpaka ushuru wa forodha wa asilimia 35, ushuru wa bidhaa na VAT viwe vimelipwa. Nikamuuliza ushuru uliokwisha kulipwa unapandaje ilhali gari limeegeshwa chini ya mwarobaini. Alikitazama kikokotoo chake, kisha akasema, "Mzee, kama hujajipanga, feri ipo, na wanaovuka kwa miguu hawalipi."

Mke wangu alisimama kabla yangu.

Siku mbili tatu baadaye alinipigia mwenye yadi, bwana mwenye sauti ya upole, akaniuliza hali ya nyumbani na ya watoto kabla hajalitaja gari. Tulivutana kwa mdomo, yeye akaapa, nami nikaapa, tukakutana kwenye 1,240,000. Nililipa kupitia benki, na umiliki ukahamishwa kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, bila nenda rudi yoyote. Kwa haki ya Mungu, gari ni zuri na bei haikuniumiza, hata nikawa nimekusudia kuwashauri watu waende palepale, mradi wamtake mwenyewe.

Nilikuwa nimekusudia. Siku ya kulichukua, kijana yule alinipa funguo huku ameangalia pembeni, nami nikafika nyumbani ndipo nikagundua kwamba jeki haimo. Nilipopiga simu akapokea yeye, akanijibu kwamba jeki haikuwa kwenye maelewano. Huenda ni kweli, maana kwenye kikokotoo kile sikuona kitufe cha jeki. Basi nendeni, au msiende. Mimi mwenyewe nikiamka asubuhi na gari likawaka mara moja humsamehe, na nikifungua buti hasira hunirudia.

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya magari kivukoni, tikiti yangu nimeshailipia, jua linachoma kioo. Abiria wa miguu walinipita pande zote mbili, bure kama alivyosema kijana, wakaingia, feri ikajaa, ikaondoka, nikaachwa nimekaa ndani ya gari langu jipya.